Injinia Wetu

Pasta alinitambulisha mbele za watu mara tatu katika safari ile, na mara zote tatu alidanganya bila kujua.

Mara ya kwanza ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, nje ya kanisa letu hapa Likoni. Tulikuwa watu 24 tumejipanga kando ya basi la kukodi, kila mmoja na fulana mpya ya rangi ya machungwa, jina la kanisa mgongoni. Juu ya basi kulikuwa na mabati, magunia ya unga, na karai zimefungwa pamoja kama masufuria ya arusi. Pasta akaniwekea mkono begani. "Na huyu," akasema, "ndiye injinia wetu. Mungu akituma watu, hutuma na fundi."

Watu wakapiga makofi. Mamangu, aliyekuja kunisindikiza na chupa ya chai na mahamri, alipiga kuliko wote.

Nilikuwa nimeacha chuo tangu Agosti.

Uhandisi wa ujenzi, mwaka wa tatu. Nikiulizwa na mabeshte husema ni ada, na deni la ada lilikuwepo kweli. Lakini si deni peke yake lililonitoa. Nilikuwa nimefeli karatasi mbili nikaona aibu kuzirudia, na usiku nilikuwa naandikia watu makala za mtandaoni kwa shilingi 400 kila moja. Hizo 400 ndizo zilizokuwa zinanifanya nijihisi nina akili. Nyumbani nilisema chuo kimefungwa. Halafu nikasema tuko kwenye mafunzo ya nje. Halafu nikaacha kusema, na Mama akaacha kuuliza. Alikuwa amekopa shilingi 45,000 kwenye chama chao kulipia muhula ambao sikuumaliza.

Kwa hivyo alfajiri ile nilitabasamu, nikapanda basi.

*

Hiyo ilikuwa Januari 2024. Ukiwa ulikuwa Pwani Novemba ya 2023 hakuna haja nikueleze El Niño. Mvua ilinyesha hadi watu wakaacha kuizungumzia. Mtaani kwetu maji yaliingia nyumba za chini, na ukuta wa mama anayeuza kaimati pale kona ukaanguka wote usiku mmoja, wa udongo, ukalala barabarani kama mtu mlevi. Akaziba na turubai. Basi letu lilipopita pale alfajiri ile, mabati yakigongana juu, turubai lilikuwa bado lipo na yeye alikuwa ameshawasha jiko. Akatupungia mkono.

Niliona. Sitasema sikuona.

Sisi tulikuwa tunaenda Tana. Tukavuka feri, tukakata kisiwa, tukapita Daraja la Nyali na Kisauni kabla ya msongamano, Mtwapa, Kilifi, Malindi. Malindi askari wa kizuizini aliingia ndani ya basi akazitazama fulana zetu moja moja. "Kanisa gani hili? Na mwaenda wapi na watu wote hawa?" Haikuwa hata mwaka tangu miili ianze kufukuliwa msitu wa Shakahola, na ilikuwa imeshapita 400. Siku hizo, kutoka Malindi na basi la kanisa lililojaa vijana halikuwa jambo la kuchekelea. Pasta alishuka na barua ya chifu, wakazungumza muda mrefu. Aliporudi hakuna aliyeimba tena mpaka tulipovuka daraja la Sabaki.

Baada ya Gongoni na mashamba yake ya chumvi barabara inanyooka, na nchi inakuwa tambarare mpaka unachoka kutazama. Ukifika Minjila unaanza kuona alama ya maji: mstari wa matope kwenye kuta, kwenye vigogo vya miembe, kwenye mlango wa duka lililofungwa. Mstari ulikuwa unafika kifuani kwangu. Mimi si mfupi.

Nikiri jambo jingine. Mto Tana niliujua kama swali la mtihani: mto mrefu kuliko yote Kenya, kilomita 1,000 hivi, unatoka Mlima Kenya na Aberdare na kumwaga baharini Kipini. Nilijua pia mabwawa ya Seven Forks kwa sababu tulisomeshwa darasani: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Ningeweza kukuchorea ukuta wa bwawa. Watu wanaokaa mwisho wa hayo maji hawakuwa kwenye mchoro wowote. Na kila wimbo wa taifa ukipigwa tunasimama kwa sauti iliyotokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto, wimbo wa watu wa mto huu huu. Miaka yote ile ya gwaride shuleni, hakuna siku niliyojiuliza hao watoto wanalala wapi maji yakija.

*

Mara ya pili Pasta alinitambulisha chini ya mwembe, kijiji kimoja upande wa ndani wa Garsen, mbele ya wazee na mwenyekiti wa kijiji. Injinia wetu kutoka Mombasa. Mzee mmoja aliyekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa alinitazama miguu, kisha mikono. Hakusema kitu.

Tulikuwa na vifaa vya nyumba tano. Orodha ilishaandikwa na wazee, na hapo ndipo kukatokea ubishi mdogo ambao kwenye picha hauonekani. Baadhi yetu tulitaka tuanze na waumini wenzetu. Mwenyekiti, ambaye mwenyewe ni mkristo, alisema orodha imeandikwa kwa jinsi maji yalivyoingia, na maji hayakuuliza mtu anasali wapi. Pasta alikaa kimya kidogo, akasema sawa. Nilimheshimu sana pale. Nasema hivyo kwa sababu mengine nitakayosema yanaweza kumfanya aonekane mtu wa picha tu, na siye.

Mimi na wenzangu wanne tukapewa nyumba ya nyanya mmoja, mjane, anayekaa na wajukuu watatu. Mkubwa wao alikuwa kidato cha tatu, kijana mrefu mwenye maneno machache. Nyumba yenyewe ilikuwa haipo. Kulikuwa na kiwanja, nguzo nne zimeinama upande mmoja, na mlango umeegemezwa kwenye mwembe. Mlango ulikuwa na kufuli, limefungwa.

"Mbona kufuli, Nyanya?" nikauliza.

"Lisipotee."

Swali langu la kwanza la kiinjinia lilikuwa lile ambalo kila mtu wa mjini huliuliza: kwa nini msijenge kule juu? Mwinuko ulikuwa unaonekana, umbali wa kutembea dakika 20. Nyanya akanijibu taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni dukani. Kule juu ni malisho. Kuna wenyewe. Mwaka 2012 huku Delta watu zaidi ya 100 waliuawa, wakulima na wafugaji, na ugomvi ulikuwa ardhi na maji. Sasa wanaishi vizuri, maji yakija wanawapokea kule juu, wakae mpaka yaondoke. Lakini kwenda kuomba mahali pa kulala na kwenda kuchimba nguzo ni mambo mawili.

"Halafu mto ukija wachukua nyumba," akasema, "lakini ukiondoka waacha shamba. Wataka nihame nikalime wapi?"

Akanionyesha tope jeusi lililoachwa na maji. Mahindi yalikuwa yameshatoka, kiganja kimoja.

*

Basi tukajenga. Nyumba ya vyumba viwili: nguzo, fito, udongo, mabati ya geji 30 juu. Siku ya kwanza nilikuwa na timazi niliyotengeneza kwa uzi na jiwe, na kila mtu alifurahi kuniona nikifumba jicho moja. Mashimo ya nguzo yalikuwa sawa. Hiyo najivunia mpaka leo.

Ugomvi ulikuja kwenye fito. Nyanya alikuwa ameketi na wanawake wawili wanasokota kamba za mkoma, lundo limeshakuwa kubwa. Mimi nilikuwa na kilo sita za misumari ya inchi tatu, iliyonunuliwa kwa sadaka ya watu wa Likoni. Nikasema tupigilie. Kamba inalegea, kamba inaoza. Nikatumia na maneno: uimara, kiungo, mzigo wa upepo. Wenzangu wakaniunga mkono, manake mimi si ndiye injinia?

"Kamba yafunguka," Nyanya akasema.

"Ndiyo hiyo shida yake, Nyanya."

Alinitazama, akaona hatuelewani. Akasema basi tugawane: vijana wapigilie misumari chumba cha mbele, wao watafunga kamba chumba cha nyuma. Tulicheka, tukaanza kushindana. Mimi nilipigilia kila kiungo misumari miwili, na ncha zilizotokeza nyuma nikazikunja kwa nyundo, moja moja, ili zising'oke kamwe. Siku ya pili jioni chumba cha mbele ukikitikisa hakitikisiki. Cha nyuma kilikuwa kinacheza kidogo, kama jino la mtoto.

Kijana wetu wa picha alinipiga nikiwa na nyundo, jua linazama nyuma ya nguzo. Hiyo picha ilipata moyo mwingi kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika.

Siku ya tatu na ya nne ilikuwa ni kukandika, na hapo ndipo uinjinia wangu uliisha. Darasani udongo ulikuwa grafu. Hapa ni kazi ya miguu: unachimba, unamwaga maji, unatia nyasi zilizokatwakatwa, unakanyaga. Unakanyaga mpaka udongo uache kunata kwenye vidole na uanze kunata wenyewe kwa wenyewe. Nilipoanza kubandika ukutani ukawa unaanguka, pwaa, pwaa, watoto wanacheka. Nilikuwa naupaka. Nyanya akanionyesha: haupakwi, unatupwa. Unafinyanga tonge, unalitupa kwa nguvu kati ya fito mpaka lipenye, na mtu wa upande wa pili analipokea kwa kiganja, matonge yakakutane katikati. Peke yako huwezi. Kwa hivyo saa nzima nilikuwa upande mmoja wa ukuta na yeye upande wa pili, tunatupiana udongo, hatuonani ila mikono.

Labda ni kwa sababu hatukuwa tunaonana. Nilisema, "Nyanya, mimi si injinia."

Tonge likaja. Nikalipokea.

"Nimeacha chuo. Pasta hajui. Hakuna anayejua."

"Ada?"

"Ada. Na mengine."

"Mamako yuajua?"

"Hajui."

Kimya. Matonge mawili, matatu. Nilitegemea methali, kusema kweli. Nilikuwa nimeshaanza kujiandaa kuikumbuka ili niiandike. Yeye akasema, "Mwambie weye. Asiambiwe na mtu dukani." Halafu akasema, "Sukuma hapo chini, pana tundu."

Ndiyo hivyo tu. Hatukulizungumzia tena. Siku ya kuondoka alinipa maembe ngowe manne, ya mwisho mwisho ya msimu, na mjukuu wake akaandika namba yangu kwenye simu. Jina aliloniandikia nililiona: Injinia Msumari.

*

Mara ya tatu ilikuwa Jumapili, ibada ya pili, kanisa limejaa. Ushuhuda. Picha zikapita ukutani, mabati yanang'aa, watoto wanacheka, mimi na nyundo yangu na jua. "Injinia wetu, simama!" Nikasimama. Mama alikuwa mstari wa nne, kitambaa cha kijani, anafuta macho. Kulikuwa na nafasi pale ya sekunde mbili hivi ambayo mtu mwingine angeitumia kusema kweli. Nilipunga mkono, nikaketi.

Jambo pekee nililofanya lenye maana Februari hiyo ni kwamba nilienda kona kwa mama wa kaimati nikamuuliza kama naweza kumkandikia ukuta. Akanitazama na fulana yangu ya machungwa, imeshafifia. "Injinia mzima wataka kushika udongo wangu?" Ilinichukua wikendi mbili, binti yake akiwa upande wa pili. Ulipokauka ukapasuka nyufa, tukarudia tabaka la juu. Alinilipa kaimati mpaka nikaomba msamaha. Kutoka kanisani mpaka kona ile ni hatua 200, na tulikuwa tumesafiri kutwa nzima kwenda kujifunza kuufikia. Silaumu safari. Nisingeenda Tana, nisingejua kuutengeneza. Ila nimebaki nikijiuliza kwa nini turubai la jirani halipendezi kwenye picha.

*

Halafu mvua za masika zikaja, na mwaka ule hazikuja kwa adabu. Mwisho wa Aprili nchi nzima ilikuwa ndani ya maji. Shule ambazo zingefunguliwa zikaahirishwa. Wikendi ya kwanza ya Mei huku Pwani tulikuwa tunachungulia bahari tukingoja kimbunga Hidaya. Kikaelekea Tanzania, kikafika Mafia tarehe 4 kikiwa kimeshaanza kuchoka. Likoni watu wakasema tumepona.

Lakini Tana haingoji kimbunga. Mvua inanyesha Mlima Kenya leo, na maji yanashuka taratibu siku kadhaa. Masinga ilikuwa imejaa, na zile nyingine chini yake zimejaa, na bwawa lililojaa halizuii kitu. Sasa ule mchoro wa darasani niliuelewa kutoka upande wa chini.

Tarehe 10 Mei ilitangazwa sikukuu, watu wapande miti kuwakumbuka waliokufa mafurikoni. Nilikuwa nyumbani, Mama yuko jikoni. Simu ikalia, ujumbe wa sauti kutoka kwa yule mjukuu. Kelele za watu nyuma, mbuzi, mtoto analia.

"Injinia, habari. Tuko huku juu sote wazima. Nyanya asema nikwambie, chumba cha nyuma tumekuja nacho. Tulikigonga udongo tukafungua kamba, siku moja na nusu, nguzo zote na fito zote tunazo. Na mlango. Kile cha mbele tulijaribu. Fito zilivunjika kwa ile misumari, na mabati sita yamepasuka tukiyang'oa. Maji yakafika. Tukakiacha." Kisha sauti ya Nyanya kwa mbali, na yeye anarudia: "Asema usihuzunike. Asema chumba chako kilikuwa kigumu sana."

Nilisikiliza mara nne. Ninajua alimaanisha kunisifu. Hiyo ndiyo iliyoniuma.

Nilikuwa nimekunja kila ncha ya msumari ili nyumba isiweze kufunguliwa na watu ambao kila baada ya miaka kadhaa wanahitaji kuifungua. 1997, 2018, 2023: walinihesabia wenyewe chini ya mwembe, nami nilikuwa nimeitikia kwa kichwa. Aliniambia kamba yafunguka, nikadhani anaisema kasoro yake.

Nikaingia jikoni. Mama alikuwa anakuna nazi, amekaa kwenye mbuzi, mgongo umenielekea, na nilishukuru kwa huo mgongo. Nikamwambia yote. Agosti, karatasi mbili, mafunzo ya nje ambayo hayakuwepo, makala za shilingi 400. Mkono wake ukasimama, ukaendelea, ukasimama tena.

Hakunikumbatia. Hakusema alikuwa anajua siku zote, kama mama wa kwenye sinema. Alisema, "Nilisimama kanisani nikapiga makofi." Akainuka, akaniachia nazi nusu haijakunwa, akaenda chumbani kwake. Siku tatu alinipa chakula bila kuniita jina.

Siku ya nne alitoa daftari la chama. Shilingi 19,500 zilikuwa zimebaki. "Hizi ni zako," akasema. Huwa natoa 1,500 kila mwezi, na mwezi ambao wahariri hawalipi, natoa 500. Jina langu sasa limeandikwa kwenye lile daftari chini ya lake, kwa mwandiko wa katibu.

Pasta nilimwambia baada ya hapo, ofisini kwake. Alinyamaza muda, akauliza kama nataka amwombe mtu fulani anirudishe chuo. Nikasema sijui bado. Hilo lilikuwa kweli, na mpaka leo ni kweli.

Agosti ikaja safari nyingine, kijiji kile kile. Karatasi ya kujiandikisha ilibandikwa mlangoni mwa kanisa: jina, simu, ujuzi. Aliyetangulia ameandika "muuguzi". Anayefuata, "kuomba". Nikakaa na kalamu kidogo, watu wananisubiri nyuma.

Nikaandika "kukandika". Halafu nikaenda Kongowea kuulizia bei ya kamba.